Kichupa cha Njano na Maziwa ya Baba Mkwe

Watu wa Lufingo wakinikuta sokoni Tukuyu huwa wananyamaza kwanza, halafu mmoja anajifanya anachagua ndizi, mwingine anakohoa, na mimi najua kabisa wanachokikumbuka: wanaikumbuka siku niliyomkalia baba mkwe wangu mapajani mbele ya msiba mzima. Ndiyo, mimi. Nawahi kusema mwenyewe kabla hamjasimuliwa, maana wasimuliaji wengine wanaongeza kwamba nilikuwa nimelewa (sinywi) na kwamba khanga ilinidondoka yote (ilidondoka nusu). Chekeni sasa hivi, chekeni mmalize, kwa sababu huko mbele cha kuchekesha ni kidogo.

Kwa asiyejua mila zetu Wanyakyusa, niseme hivi: mkamwana hamwoni baba mkwe wake. Sisemi hamkodolei macho, nasema hamwoni kabisa. Akisikia anakuja anaingia migombani, akikutana naye njiani anageuza uso na kujifunika, na wakitaka kuambizana kitu wanapitishia kwa mtu mwingine. Mjini wengi wameshaacha, vijana wanapiga picha na baba wakwe zao wameshikana mabega, lakini ukoo nilioolewa mimi haukuwa na habari hizo. Nimeishi ua mmoja na yule mzee tangu niolewe, nakijua kikohozi chake, najua buti zake zinavyolia kwenye tope, najua anapenda ndizi ziive kiasi gani, lakini sura yake hata ningeulizwa na polisi nisingeweza kuieleza. Jina lake silitaji, hata hapa silitaji.

Katikati yetu alikuwepo Mama, mama mkwe wangu, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuita ng'ombe. Mzee akitaka chumvi anasema, "Mama Ambokile, mwambie mke wa mwanao chumvi imepungua," nami nipo nyuma ya ukuta nasikia kila neno, lakini nasubiri Mama azunguke aje aniambie, "Chumvi imepungua," ndipo nijibu, "Juba, mwambie Baba naileta." Juba ni mama kwa Kinyakyusa. Ndivyo tulivyoishi, na tulielewana kuliko familia nyingi zinazotazamana.

Sasa mimi ni mtu wa nyumbani. Nilimaliza kidato cha nne, matokeo yakaja, nikayasoma mara moja yakatosha. Lakini biolojia nilipata D, na kwa jinsi nilivyokuwa naisema ile D ungedhani ni kovu la vita. Mume wangu Ambokile ni dereva wa gari la chai, ndiye aliyeleta umeme na friji, na friji ile ndiyo iliyomleta Rehema.

Rehema alikuwa mtafiti kijana kutoka chuo kimoja cha mbali. Wakati ule wanunuzi wa maziwa walikuwa wanagombea wafugaji wa Rungwe kama mabinti wa kuposa, kila mmoja na gari lake na masharti yake, na chuo chao kilitaka kujaribu njia mpya ya kugundua haraka bakteria wa sumu ya chakula kwenye maziwa na nyama. Alihitaji nyumba yenye umeme na friji, akaletwa kwangu, nikampa sebule. Aliniomba jambo moja tu: "Mama Tuse, naomba friji tusichanganye na chakula." Nikahamisha hata kabichi.

Kipimo chenyewe kilinipumbaza. Vichupa vidogo kama kofia ya kalamu, ndani yake maji ya rangi ya pinki. Unaweka tone la sampuli, unakitia kwenye kisanduku cha chuma kinachopasha moto wa wastani, unasubiri. Rehema aliniambia kila kiumbe kina vinasaba vyake, na dawa iliyomo mle inatafuta vinasaba vya yule bakteria tu. Ikivikuta inavizalisha vingi mno, na maji yanageuka njano. Isipovikuta yanabaki pinki. "Pinki salama, njano hatari," nikasema. Akacheka, akasema, "Kwa ufupi, ndiyo, ila kuna mambo ya katikati." Mimi nikachukua ule ufupi, ya katikati nikamwachia mwenyewe.

Maana kabla ya kuweka lile tone Rehema alikuwa na mlolongo: anayazungusha maziwa kwenye mashine yake ndogo, anamwaga ya juu, anaosha yaliyobaki na maji ya chupa nyingine, anapasha, anaosha tena. Nilikuwa namwangalia nikiwa na kikombe changu cha chai, najisemea haya ni madoido ya watu wa mjini, wanaosuuza kikombe kilichokwisha suuzwa.

Halafu akafariki baba mdogo, mdogo wake baba mkwe. Walikuwa wamegombana muda mrefu juu ya mpaka wa shamba la migomba, hawakuwa wakisalimiana, kila mtu alijua. Msiba ukakaa kwetu kwa sababu ua wetu ndio mkubwa. Ng'ombe akachinjwa, tukapika, tukazika, na jioni ya mazishi likabaki sufuria kubwa la nyama limejaa hadi karibu na mdomo. Nikalitazama sufuria, nikaitazama friji iliyojaa sampuli za Rehema. Baridi ya Rungwe mnaijua, nikasema hii nyama nikiiacha nje itaganda mafuta asubuhi tuhangaike na kuni. Nikaiacha palepale kwenye mafiga, makaa yakiwa bado na uhai, nikafunika kwa majani ya mgomba vizuri kama mtoto mchanga. Ikalala kwenye uvuguvugu hadi kulipokucha. Niliona nimefanya jambo la akili.

Asubuhi waliolala matangani tukawapa ndizi, nyama ile iliyopashwa juujuu, na maziwa ya mgando kwenye vibuyu vya baba mkwe, maana mzee alikuwa na ng'ombe wazuri na aliyatoa yale maziwa kwa ajili ya mdogo wake waliyekuwa hawasemezani. Mchana watu wakaanza kushika matumbo. Mmoja akakimbilia migombani, wa pili akafuata, wa tatu hakuifikia migomba. Kufikia alasiri watu walikuwa wamelala kwenye mikeka wanatapika na kulia, wengine macho yamewaingia ndani, na Ambokile akawapakia waliozidiwa kwenye gari akaondoka nao kwenda hospitali.

Ndipo Lusajo akasimama. Lusajo ni mtoto wa marehemu, alitoka Mbeya kuja kumzika baba yake, na hakuwa amelala tangu afike.

"Baba yangu wamemmaliza," akasema, "sasa wanatumaliza na sisi. Nani aliyeleta maziwa?"

Kila mtu alijua nani aliyeleta maziwa.

Mimi nilikuwa mlangoni kwa jikoni, nimeshika mwiko. Rehema alikuwa Kyimo kuchukua sampuli. Simu ninayo mfukoni, namba yake ninayo, salio ninalo. Ningepiga tu. Badala yake nikasikia mdomo wangu unasema, "Shemeji, hatuna haja ya kubahatisha. Nitapima."

"Utapima na nini?"

"Na vinasaba," nikasema. (Ile D hiyo.)

Mama akanivuta mkono. "Mwanangu, vitu vya watu hivyo."

"Juba, nimemwona anafanya kila siku. Tutajua ukweli, na Baba atakuwa salama."

Akaniangalia, akaachia. "Haya. Wewe ndiye uliyesoma."

Sebule ikajaa watu, wengine madirishani. Nikavaa glovu za Rehema, na nakiri nilizivuta zile glovu zikalia pwaa ili wasikie. Mlolongo wote nikauruka, watu wanangoja, nani ana muda wa kuosha maziwa? Nikachovya bomba dogo la Rehema kwenye kibuyu cha mzee, nikatia tone kwenye kichupa. Yale maji ya pinki yakawa njano. Palepale. Sijakifunika, sijakitia kwenye moto, njano kama ganda la ndizi mbivu.

Mtu mwenye akili angejiuliza mbona Rehema huwa anasubiri muda wa kuiva maharage na mimi yamenigeukia mkononi. Mimi nikasema, kwa sauti, "Ni kali mno. Hata haikusubiri moto."

Nikapima na nyama. Nilichota mchuzi wenye mafuta, nikautia kwenye kichupa kingine, nikakiweka kwenye kisanduku, lakini watu walikuwa wananiita huku na huku, nikakitoa mapema. Pinki. "Nyama ni salama," nikatangaza, "kuleni bila wasiwasi." Lusajo alikwishakipokonya kichupa cha njano, akatoka nacho nje amekiinua juu kama refa mwenye kadi.

Yaliyofuata niliyasikia tu, nimejibanza nyuma ya ukuta wa jikoni, kwa sababu mzee alikuwa ameingia uani na mimi sina ruhusa ya kuwa mbele yake. Nilisikia vibuyu vinapasuliwa. Nilisikia maziwa yanamwagika, ni sauti ndogo tu lakini niliisikia. Kisha sauti yake, taratibu kama ya siku zote:

"Mama Ambokile. Muulize mke wa mwanao, maziwa yangu yamekosa nini?"

Mama akazunguka akaja. "Baba anauliza maziwa yake yamekosa nini."

"Juba, mwambie Baba... mwambie kipimo kimesema."

Akarudi. Halafu nikasikia watu wanaguna, na baadaye niliambiwa kwamba mzee aliokota kibuyu kilichobaki kizima, akakiinamisha mdomoni, akanywa hadi mwisho mbele yao wote, akafuta mdomo.

"Mwenye sumu hadhuriki na ya kwake!" Lusajo akapiga kelele. "Mtazameni!"

Wakamkalisha kwenye kigoda katikati ya ua, vijana wakamzunguka. Mwenyekiti wa kitongoji alikuwa anawasihi wasubiri polisi watoke Tukuyu, na sauti yake haikuwa ya mtu anayesikilizwa. Kuna aliyeuliza nani ana mafuta ya taa. Nilisikia vizuri, akauliza mara mbili.

Mama aliingia jikoni akakaa chini kwenye majivu. Hakuwa amekula tangu jana, alikuwa anahudumia wenzake.

"Mama, kula," nikamwambia.

"Nile, mume wangu kakalishwa kama mwizi?"

"Kula upate nguvu za kusimama naye. Nyama hii nimeipima kwa mkono wangu."

Nikampakulia mwenyewe. Nikachagua vipande laini kwa sababu meno yalikuwa yanamsumbua. Akala vyote, akasema ndaga, asante ya kwetu, akainua khanga yake akarudi uani kusimama nyuma ya kile kigoda.

Rehema akafika na bodaboda jua likianza kushuka. Akaona watu uani, akaniona mimi na glovu zake, akaona vichupa mezani. Nikaanza kumwelezea, na bado nilikuwa na sauti ya kujivuna kidogo, Mungu anisamehe.

"Maziwa uliyaosha?" akauliza.

"Kuyaosha..."

"Mama Tuse. Uliweka mgando moja kwa moja?"

Hakunigombeza. Alichukua ndimu kwenye kapu langu la jikoni, akaikata, akadondoshea tone kwenye kichupa kipya. Pinki ikawa njano, palepale, njano ileile.

"Haya," akasema, "ndimu nayo ina bakteria? Haya maji yanageuka kwa sababu ya uchachu. Bakteria akipatikana, ule uzalishaji wa vinasaba ndio unaoyachachusha, taratibu, kwenye moto. Wewe umeyatia kitu kilichokwisha chacha. Ndiyo maana tunaosha."

Nikakaa kwenye kochi. "Na nyama?"

"Mafuta mengi yanaizuia dawa, na umeitoa mapema. Haijasema chochote. Sijui nyama ina nini, na wewe hujui."

Akapima upya, vyote viwili, maziwa akiyatoa kwenye bomba nililoliacha mezani, na madoido yote. Aliniambia niende nje nikawaambie watu wasile kitu. Na hapa ndipo nisipojisamehe: sikwenda. Baba mkwe alikuwa katikati ya ua, na miguu yangu haikujua njia ya kufika mbele yake. Nikasema ngoja majibu yatoke kwanza, nitamtuma mtu. Nikasimama palepale namtazama Rehema anaosha. Tukasubiri. Kichupa cha maziwa kikabaki pinki. Kichupa cha nyama kikaanza kupauka, kikawa kama chungwa bivu, kikawa njano.

Nje nikasikia sahani. Kwaya kutoka Kyimo walikuwa wamefika kutoa pole, na akina mama walikuwa wanawapakulia nyama. Ile salama.

Nikatoka mbio. Nimeshika kichupa mkono mmoja, ndimu mkono wa pili (msiniulize kwa nini ndimu), na kwa kuwa baba mkwe yuko pale nikajivuta khanga usoni nisimwone, nikawa nakimbia kwa kukisia. Nikapita mlango. Nikapita watu. Nikaligonga sufuria la nyama kwa goti, likapinduka, mchuzi ukanimwagikia miguuni, nikateleza, khanga ikaenda na kwaya, na mimi nikaenda nikatua juu ya kitu chenye magoti.

Nikageuza uso. Uso wake ulikuwa karibu kama huu mkono wangu na macho yangu. Mzee alikuwa amefumba macho. Watu wanaulizana mafuta ya taa, mkamwana kamwangukia mapajani na ndimu, naye bado anaishika mila yake kwa kope.

"Siyo maziwa!" nikapiga kelele, nikiwa palepale mapajani, maana sikujua hata jinsi ya kuinuka. "Maziwa hayana kitu! Ni nyama! Nyama niliilaza mimi kwenye mafiga! Kipimo nilikosea mimi!"

Mtu mmoja akacheka. Halafu wengi. Halafu wakaacha kwa wakati mmoja, kwa sababu Mama, aliyekuwa amesimama nyuma ya kigoda, alikuwa ameshika tumbo.

Ambokile aliporudi na gari alimkuta mama yake amelala kwenye mkeka wangu. Wale wengine wote walipona, hata waliozidiwa mchana. Mama alikuwa mtu mzima, na tumbo lile lilimkausha haraka kuliko dripu zilivyoweza kurudisha. Tulimzika kando ya shemeji yake, kaburi la yule hata nyasi halijaota. Lusajo alibeba jeneza mbele kabisa, kisha akarudi Mbeya bila kuaga mtu. Rehema alifunga vitu vyake akahamia kwingine, siku ya kuondoka akanishika mikono muda mrefu. Ambokile hakuniuliza kitu. Afadhali angeuliza.

Ikabaki mimi na mzee, ua mmoja, na hakuna mtu katikati.

Nilikuwa napika, naweka chakula kwenye jiwe la mlangoni kwake, nakohoa, naingia migombani. Nikirudi sahani ni tupu, lakini nilikuwa najiambia labda anawapa mbwa, mimi ningewapa. Chumvi ikipungua sikujua. Siku hizo ndipo nilipogundua kwamba miaka yote ile sikuwa nimewahi kumwambia yule mzee neno moja, mpaka lile la kupiga kelele.

Asubuhi moja nikafungua mlango wa jikoni nikakuta kibuyu. Nikasikia buti kwenye tope, upande wa pili wa ukuta, zikasimama. Kikohozi. Halafu ile sauti, imegeukia migombani, inasema kama siku zote:

"Mama Ambokile, mwambie mke wa mwanao, maziwa ni ya leo. Mwambie hayana kitu."

Hakukuwa na mtu wa kuzunguka ukuta aje aniambie. Nikasubiri hata hivyo, muda ambao Mama angeutumia, kwa ile miguu yake mifupi. Kisha nikasema, na mimi nimeitazama migomba:

"Juba, mwambie Baba, ndaga fijo."

Buti zikaondoka taratibu.

Kwa hiyo ndugu zangu, mkiniletea chakula mkaniuliza kama ni salama, mimi nitawaambia chemsheni, na kama bado mna shaka kamtafuteni mwenye kazi yake, mimi nina D. Glovu sivai tena hata za kuoshea vyombo. Na nyama ikibaki ikakosa nafasi kwenye friji, natoa kingine chochote, hata kiwe cha nani, nyama inaingia.

Kile kibuyu nilikinywa chote palepale mlangoni, nimesimama. Yalikuwa machachu, kama maziwa ya mgando yanavyotakiwa kuwa.